Hotuba: Huwezi kutembea sana? Uzito bado unapungua

Ndugu zangu ambao siku ile hamkufika, mliokosa usafiri, mliokuwa na maumivu, mliokosa mtu wa kuwasukuma, haya hapa maneno yote kama nilivoyasema. Picha nilizokuwa naonesha ukutani nimeziacha, hamjakosa kitu.

Habari zenu jamani. Mlioko mbele mnanisikia? Na nyie kule nyuma mlioegesha viti karibu na mlango, mnanisikia? Haya, vizuri.

Nianze na swali. Ni wangapi hapa mmewahi kuambiwa "punguza uzito, fanya mazoezi, tembea hata nusu saa kwa siku"? Naona mikono. Mikono ni mingi kweli. Haya shusheni, sasa niulize la pili. Aliyekuambia hivo, alikutazama miguu kwanza? Alikuuliza unatembea vipi? Mmenyamaza. Najua kwa nini mmenyamaza.

Mimi kazi yangu ni lishe, na watu ninaokaa nao zaidi ndo nyie, wanaotumia kiti mwendo, wanaotembea kwa magongo, waliopata kiharusi upande mmoja ukagoma, wenye magoti yaliyosagika, wenye baridi yabisi, wazee ambao toka kitandani mpaka chooni ni safari ya kupangwa. Na karibu wote mnanijia na wazo moja, kwamba kwa kuwa siwezi kutembea basi siwezi kupungua, imeisha hiyo, nisubiri tu. Leo nimekuja kulipinga hilo wazo, nalipinga kwa nguvu zangu zote kwa sababu si kweli, na nimeona watu wakikata tamaa ya miili yao kwa ajili yake.

La kwanza ninalotaka mlishike ni hili. Kazi kubwa ya kupunguza uzito inafanyika kwenye sahani. Haifanyiki barabarani. Inafanyika kwenye sahani.

Kuna mama mmoja, magoti yote mawili gegedu, ile sehemu laini inayozuia mifupa isisagane, imelika, akikaa kuinuka ni shida, akiinuka kukaa ni shida. Aliambiwa atembee, na kwa kuwa ni mtu msikivu akatembea, anashika ukuta, anashika ua, anajikaza. Jioni magoti yamevimba. Usiku halali. Siku zinazofuata anashinda kitandani, na mtu anayeshinda kitandani na maumivu na hasira unafikiri atakula nini? Anakula kinachomliwaza, uzito unapanda, anarudi kliniki anaambiwa mama mbona hufanyi mazoezi. Anajikaza tena, magoti yanavimba tena. Mnauona huo mzunguko? Wangapi mmo ndani yake hata leo?

Sasa sikilizeni. Mwaka 2013 Marekani yalitoka majibu ya utafiti unaoitwa IDEA, walichukua watu 454 wenye magoti yaliyochakaa na uzito uliozidi, watu kama huyo mama, wakawagawa makundi matatu na kuwafuatilia miezi 18. Kundi moja mazoezi peke yake, kundi moja chakula peke yake, kundi moja vyote viwili. Wa mazoezi peke yake walipungua kama kilo 2 tu. Wa chakula peke yake walipungua karibu kilo 9. Wa vyote viwili kama kilo 10 na nusu. Hebu ziangalieni hizo namba jamani. Kilo 2, kilo 9, kilo 10 na nusu. Nani kabeba mzigo hapo? Chakula! Ni kweli hao waliofanya vyote viwili ndo maumivu yao yalishuka zaidi na wakaweza kufanya mambo mengi zaidi, kwa hiyo mazoezi siyatupi, nitayarudia baadae. Lakini mzigo mkubwa wa kilo ulibebwa na sahani, na sahani kila mmoja hapa anayo.

Na sababu yenyewe si ngeni. Mtu mwenye miguu mizima akitembea nusu saa kwa mwendo wa kawaida anatumia kalori kama 100 mpaka 150 hivi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Kijiko kimoja! Soda ya mililita 330 ina sukari kama gramu 35, yaani karibu vijiko 9 vya chai, kalori kama 140. Kwa hiyo anayetembea nusu saa akarudi akanywa soda amerudi pale pale, na wewe uliyekaa ukaiacha hiyo soda umefanya kazi sawa na ya yule aliyetembea. Umeifanya ukiwa umekaa. Hakuna aliyekuambia, ila umeifanya.

Kitu kingine ambacho hatuelezwi vizuri ni kwamba misuli mikubwa ya mwili iko mapajani na makalioni, ikiacha kufanya kazi mwili unatumia nguvu kidogo kuliko zamani. Moto mdogo hauhitaji kuni nyingi. Lakini tumbo limezoea, mkono unaopakua umezoea, na nyumbani wanakupakulia ile ile sahani ya kabla ya ajali au kabla ya kiharusi. Kwa hiyo mtu ananenepa na hajaongeza hata tonge moja, afu watu wanamwambia ana tamaa. Hana tamaa huyu. Hesabu ya mwili imebadilika na sahani haijabadilika, basi.

Yule mama tulifanya nini? Mafuta tukayapima kwa kijiko, hakuna tena kumimina kutoka kwenye chupa kwa macho. Soda na juisi za paketi zikatoka. Sukari ya chai tukaipunguza kidogo kidogo mpaka ulimi ukazoea. Sahani yake nusu ikawa mboga, robo kitu cha protini kama maharage au samaki au mayai, robo iliyobaki ndo wali au viazi au mkate, na bado akashiba kwa sababu mboga na maharage vinakaa tumboni. Magoti yake tukayaacha yapumzike kwanza. Na huko ndo raha ilikokuja, maana kuna utafiti wa mwaka 2005 ulioonesha kwamba kwa wenye magoti mabovu kila kilo unayopungua inaliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 kwenye kila hatua. Kila hatua! Ukipungua kilo 5, goti limetuliwa kilo 20 kila unapokanyaga. Uzito ulipoanza kushuka akaanza kutoka mpaka nje, baadae mpaka kwa jirani. Hakutembea ndo akapungua. Alipungua ndo akatembea. Naomba muirudie hiyo mkifika nyumbani, hasa mtakapoambiwa kinyume chake.

Sasa kuna mtu hapa ameshaanza kupanga moyoni kwamba kesho naacha kula. Nakuona. Usifanye hivo, na hili ndo la pili.

Kijana mmoja aliumia uti wa mgongo kwenye ajali, anatumia kiti mwendo, mikono yake ndo kila kitu, ndo inamtoa kitandani kwenda kwenye kiti, kutoka kwenye kiti kwenda chooni. Aliona tumbo linakua akakasirika, akaamua anakula matunda na maji tu. Na alipungua, alipungua haraka sana, watu wakamsifia. Afu siku moja anajiinua kuhama kitandani mikono ikamkatalia katikati akaanguka. Muda si mrefu ngozi ya makalio ikapasuka, kidonda cha mgandamizo, kile cha kukaliwa muda mrefu bila kujigeuza, na kidonda hicho kilimlaza muda mrefu kuliko alivyowahi kulazwa tangu atoke hospitali. Kilo zilizopotea nyingi zilikuwa misuli, na alikuwa anazisherehekea.

Mwili usiopewa chakula cha kutosha hauchomi mafuta peke yake, unakula na misuli, na mwili unaokaa muda mrefu tayari unapoteza misuli bila hata kujinyima. Mwaka 2007 kuna utafiti ulichapishwa ambapo wazee wazima wenye afya walilala kitandani siku 10 tu, siku 10 jamani, na miguu yao ikapoteza karibu kilo nzima ya misuli. Hao walikuwa wazima! Sasa wewe unayelala zaidi na kula kidogo zaidi, itakuwaje? Misuli ya mabega na mikono kwa mtu wa kiti mwendo ndo miguu yake. Misuli ya paja kwa mzee ndo tofauti ya kuinuka mwenyewe chooni na kuinuliwa. Usiiuze hiyo kwa ajili ya namba kwenye mzani.

Kwa hiyo unapopunguza, punguza mafuta, punguza sukari, punguza wanga, lakini protini usiiguse, na isambaze kutwa nzima, asubuhi iwepo, mchana iwepo, jioni iwepo. Yai moja lina kama gramu 6. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kama gramu 15. Kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kina 20 na zaidi. Kwa wazee wataalamu wengi wanapendekeza gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ila mwenye tatizo la figo huyu asijiongezee protini bila daktari wake kujua, hapo nasisitiza. Na kasi iwe ya nusu kilo kwa wiki hivi, hata chini ya hapo ni sawa kabisa. Najua haivutii kama matangazo ya "kilo 10 kwa wiki 2", lakini hao wanaotangaza hawatakuja kukuosha kidonda.

Na mwenye kidonda sasa hivi, kiwe makalioni, kisiginoni, popote, wewe hujafika wakati wa kupunguza chakula. Kidonda kinajengwa na protini na nguvu za kutosha, kipone kwanza. Mnaokaa kwenye kiti kutwa msisahau kujiinua au kuegemea upande kila dakika 15 mpaka 30 ili damu ipite, hata sasa hivi wakati mnanisikiliza, haya, tufanye wote. Inueni. Egemea kulia. Kushoto. Safi.

La tatu ni nyumba. Hapa nitakaa kidogo mnivumilie, kwa sababu naona ndo penye ugumu wenyewe.

Mzee mmoja alipata kiharusi, watoto wake wanampenda, na kwa kuwa hawajui wamfanyie nini wanamletea vitu. Huyu biskuti, yule keki, mwingine juisi tamu. Kila anayeingia mlangoni ana mfuko. Na mzee anashinda peke yake kutwa mbele ya tivi, mkono mmoja unafanya kazi, na huo mkono unafikia nini? Unafikia biskuti, ziko pale mezani pembeni yake. Matunda yako jikoni juu, hayafikii. Nilimwuliza, mzee, unakula biskuti kwa sababu una njaa? Akaniambia hapana mwanangu, nakula kwa sababu siku ni ndefu. Siku ni ndefu. Hiyo hata mimi sikuwa na jibu la lishe la kumpa.

Mnaotunza watu, baba zenu, wake zenu, waume zenu, nawaomba mnisikilize kwa moyo. Upendo mletee kwa kukaa naye. Mletee story, mletee karata, msome wote gazeti, mtoe nje apate jua. Na kama lazima uje na kitu mkononi basi kije tunda lililokwisha menywa na kukatwa, liwekwe mahali mkono wake unafika. Kinachofikika ndo kinacholiwa, kwangu na kwako pia. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani waliwaweka watu 20 mahali pamoja, wiki 2 wakala vyakula vya kiwandani vilivyosindikwa sana, wiki 2 wakala vyakula visivyosindikwa, na kila mmoja ale anavotaka mpaka ashibe. Kwenye vile vya kiwandani wakajikuta wanakula kalori kama 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja, kwenye vile vingine wakapungua kiasi kama hicho. Hakuna aliyewalazimisha. Kwa hiyo ukimjazia mtu biskuti pembeni afu ukamlaumu hana nidhamu, umemwonea.

Lakini msigeuke polisi pia. Nimeona nyumba ambazo mtu mzima mwenye akili zake timamu anafungiwa chakula kabatini kama mtoto kwa sababu tu hawezi kuinuka akachukue. Hiyo hapana. Hiyo inamuumiza mtu kuliko uzito wenyewe. Kaeni mezani, mpangaji awe yeye, yeye aseme nataka kupungua na nataka msaada huu na huu, nyie ndo mikono yake. Na nyumba nzima ile chakula kile kile. Kuna kitu kinauma kama wote wanakula chao wanacheka na wewe umewekewa kisahani chako cha mgonjwa pembeni?

Na nyie mnaoishi peke yenu na kujipikia, najua kusimama jikoni kunavyowachosha. Pika umekaa. Mboga katia mezani au mapajani kwenye sinia. Siku ambayo mwili uko vizuri pika nyingi, gawa kwenye vyombo, gandisha, ili siku mbaya ikija usibaki na mkate na chai. Mboga zilizogandishwa za dukani si dhambi, virutubisho vyake vinakaribiana sana na vya mbichi na zimeshakatwa tayari. Maharage ya kopo pia sawa, yasuuze kwa maji kupunguza chumvi, maana chumvi Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na vyakula vya kopo. Kuna watu watakuambia hicho si chakula halisi. Wao wana miguu ya kusimama saa mbili jikoni, wewe pika unavyoweza.

Sasa maji. Hapa nataka kila mtu anisikie.

Dada mmoja alikuwa ana choo kigumu mpaka analia, mkojo unamchoma mara kwa mara, anaumwa kichwa, anakula vitu vitamu kutwa. Nikamwuliza unakunywa maji kiasi gani? Akatazama chini. Mlezi wake alipotoka nje ndo akaniambia, nakunywa kikombe cha asubuhi cha dawa na kingine usiku cha dawa, sinywi zaidi kwa sababu nikinywa lazima nipelekwe chooni, na kunipeleka chooni ni kumwita mtu aache kazi yake aje aninyanyue, na mimi nimechoka kuwa mzigo.

Ni wangapi hapa mnafanya hivo? Msiinue mikono. Najua ni wengi. Mnajinyima maji kwa aibu ya choo, na hili hakuna mwenye mzani wala kitabu cha kalori atakayeligundua mpaka akuulize. Ukikosa maji choo kinakauka, mkojo unakuwa mzito na maambukizi yanapata nafasi, unachoka, ukichoka unatafuta sukari ikuamshe. Afu mtu anakushauri uongeze mboga na nyuzinyuzi, ushauri mzuri kabisa, lakini nyuzinyuzi bila maji zinazidisha kufunga choo. Unaona lilipoanzia? Lilianzia kwenye aibu, chakula kimefuata nyuma.

Kwa hiyo kwa huyo dada hatukuanza na chakula kabisa, tulianza na choo. Tulikaa na familia, tukapanga saa za kwenda chooni zinazojulikana, si za kuitana, mtu anakuja saa yake imefika kama anavyokuja kuleta chai. Wakatafuta kiti cha choo cha kuweka chumbani. Maji mengi akanywa asubuhi na mchana, jioni akapunguza ili alale. Baada ya hapo ndo mboga zikaongezwa polepole, na vitu vitamu vikaanza kupungua karibu vyenyewe. Mwenye tatizo la moyo au figo aliyepewa kipimo cha maji na daktari afuate kipimo chake. Na aliyepata kiharusi akawa anapaliwa akinywa, asinywe zaidi kabla hajaangaliwa jinsi anavyomeza. Wengine wote nawasihi, kaeni na watu wenu mlizungumze hili la choo waziwazi, leo leo, mkifika. Mlezi, ukiombwa chooni usivute pumzi. Ile pumzi anaisikia. Ile pumzi ndo inamfanya kesho asinywe maji.

Haya, nilisema nitarudi kwenye mazoezi. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alipewa wodi ya walioumia uti wa mgongo pale Stoke Mandeville, Uingereza, wengi wanajeshi wa vita. Wakati huo watu kama hao walikuwa wanalazwa tu wasubiri kufa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Yeye akaamuru wageuzwe kila saa 2, usiku na mchana, na akawapa kazi ya mwili, mpira, mishale. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki inafunguliwa London, watu 16 wenye viti mwendo, wanaume 14 na wanawake 2, wakashindana kurusha mishale kwenye uwanja wa hospitali hiyo. Kutoka hapo ndo mpaka Paralimpiki, michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu tunayoijua, ya kwanza Roma mwaka 1960. Nawaambia hili kwa sababu hakuna aliyewapa ile mishale ili wapunguze tumbo. Walipewa ili waishi.

Na mimi nataka muyatazame mazoezi hivo. Kwenye kupunguza kilo yanasaidia kidogo, lakini kwenye kulinda misuli, kushusha sukari ya damu, usingizi, choo, moyo kuwa mwepesi, hapo yanasaidia sana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilipotoa mwongozo wake liliwataja kwa mara ya kwanza watu wenye ulemavu, likasema kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, anza kidogo ongeza taratibu. Umekaa kwenye kiti? Nyoosha goti moja shikilia hesabu mpaka tano, shusha, goti lingine. Inua chupa ya maji ya nusu lita mkono huu na huu. Vuta ule mpira mrefu wa mazoezi unaonyumbuka kuja kifuani, maana mnaosukuma kiti kutwa mnasukuma mbele tu, misuli ya nyuma ya bega inalegea na bega linaanza kuuma, na bega likiharibika kwako wewe si jambo dogo. Uko kitandani? Kaza misuli ya paja bila kusogeza, achia, kaza tena. Mwone mtaalamu wa viungo akupangie yako, hasa mlioumia uti wa mgongo sehemu za juu, kwa sababu presha na joto la mwili wako vinaweza kupanda ghafla bila wewe kuhisi mapema.

Kupima nitapita haraka. Mzani wa kawaida wengi hamwezi kuusimamia, na ile hesabu ya uzito kwa urefu inadanganya kwa wengi wenu. Aliyekatwa mguu mzima amepungukiwa na karibu asilimia 16 ya mwili, ukimpima kama mtu mwenye miguu miwili atasomeka mwembamba na tumbo analo. Aliyepooza miguu misuli imeisha mafuta yamechukua nafasi, naye anasomeka sawa na si sawa. Kama kuna mzani wa kupanda na kiti, pima na kiti, afu pima kiti chenyewe, utoe. Kama hakuna, chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kiunoni, kama unapimwa umelala basi kila mara iwe umelala, siku moja kwa mwezi inatosha. Afu angalia mambo ambayo wewe mwenyewe unayajua: kuhama kitandani kumekuwa kwepesi? Mkanda wa kiti umelegea? Anayekuinua anapumua vizuri zaidi?

Na mwisho dawa, kabla sijawapa nafasi. Zipo dawa zinazoongeza uzito, prednisolone ya kutuliza uvimbe ni mojawapo, insulini, amitriptyline mnayopewa ya maumivu ya neva, baadhi za kifafa na za afya ya akili. Ukiona uzito ulianza kupanda ulipoanza dawa fulani hujajitungia, mwambie daktari, mara nyingine kuna ya kubadilisha. Lakini usiache mwenyewe, prednisolone hasa ukiikata ghafla baada ya kuitumia muda mrefu inaweza kukuweka hatarini kabisa. Na wenye kisukari mnaochoma insulini au mnaomeza vidonge vya kushusha sukari, kabla hujapunguza wanga kwenye sahani ongea na kliniki yako kwanza wapange dozi upya, kwa sababu chakula kikishuka na dozi ikabaki pale pale sukari inaweza kuanguka usiku umelala peke yako.

Haya, maswali. Mama pale karibu na dirisha mkono wako umekuwa juu muda mrefu, mpelekeeni maiki.